Damu ndani ya mfuko wa nyongo uliovimba: kipimo kipi kwanza, tiba ipi kwa nani

Mfuko wa nyongo ukivimba kwa sababu ya mawe, hesabu zetu huwa ni maumivu, maambukizi na lini mgonjwa aingie chumba cha upasuaji. Damu haimo kwenye hesabu hizo. Mgonjwa huyo huyo akianza kutapika damu au kupata choo cheusi, mawazo yanakimbilia vidonda vya tumbo, na kwa Kanda ya Ziwa yanakimbilia mishipa ya umio iliyotanuka kwa kichocho. Mawazo hayo si mabaya, maana hayo ndiyo yanayoonekana kila wiki. Ila kuna wachache ambao damu yao inatoka kwenye mfuko wa nyongo wenyewe, na hao wanaweza kufa huku wakisubiri zamu ya endoskopia, yaani kamera inayoingizwa mdomoni kuangalia njia ya chakula.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya daktari au tabibu aliye zamu, na pia kwa ndugu wa mgonjwa anayetaka kuelewa kwa nini anaambiwa ampeleke mgonjwa wake mbali, au kwa nini anaambiwa asimsogeze. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kinachoamua tiba ni presha ya mgonjwa na umbali wa chumba cha angiografia, yaani mahali ambapo mishipa ya damu hupigwa picha na kuzibwa kupitia mrija mwembamba. Ubora wa tiba ukiwa kitabuni hauokoi mtu aliye mbali nayo.

Hali mbili zisizofanana

Ya kwanza ni uvimbe wa mfuko wa nyongo unaovuja damu kutoka kwenye utando wake wa ndani. Shinikizo na uvimbe vinaunyima utando damu, vipande vyake vinakufa, na vimishipa vilivyokuwa chini yake vinabaki wazi. Wagonjwa wengi wa aina hii wana jambo jingine linalozuia damu kuganda: warfarini, vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda, heparini ya kwenye mashine ya kusafisha figo, au ini lililosinyaa. Huku kwetu usimfikirie mzee peke yake. Wapo vijana na akina mama wenye vali ya chuma moyoni baada ya homa ya baridi yabisi kuharibu vali zao, nao hutumia warfarini maisha yao yote.

Ya pili ni aneurizimu bandia ya ateri ya sistiki, yaani ateri inayolisha mfuko wa nyongo. Uvimbe wa jirani unakula ukuta wa ateri mpaka unatoboka, damu inatoka na kujikusanya, na kinachoizuia isisambae ni tishu za pembeni tu. Hapa damu inatoka mahali pamoja panapojulikana, kwa nguvu ya ateri, na kizuizi chake kinaweza kuachia saa yoyote.

Tofauti hii ina maana kubwa wakati wa kuchagua tiba. Utando unaovuja kila upande mara nyingi hauna mshipa mmoja wa kuziba. Tiba yake ni kurekebisha uwezo wa damu kuganda na kuutoa mfuko. Aneurizimu ina mshipa, na mshipa huo unazibika.

Nitaje pia wenye selimundu. Chembe zao nyekundu huvunjika upesi, kwa hiyo mawe ya nyongo huwapata wakiwa bado wadogo, hata umri wa shule. Macho yao ya njano yameshazoeleka nyumbani na kliniki, na himoglobini yao iko chini siku zote. Akivuja damu ndani ya nyongo, dalili mbili kati ya zile ambazo zingetushtua kwa mtu mwingine zinaonekana ni za kawaida yake. Kwa huyu linganisha himoglobini ya leo na yake mwenyewe ya mwezi uliopita, achana na ya kitabu.

Damu imekwenda wapi?

Ikishatoka, damu ina njia tatu. Inaweza kubaki ndani ya mfuko na kuganda, mfuko ukajaa na kukaza. Inaweza kupita kwenye mirija ya nyongo hadi duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba), mgonjwa akatapika damu au kupata choo cheusi. Au mfuko unapasuka na damu inamwagika tumboni, na hapo presha inaanguka ghafla.

Heinrich Quincke aliandika mwaka 1871 dalili tatu za damu kupita mirija ya nyongo: maumivu ya juu kulia, macho ya njano, na damu kutoka njia ya chakula. Zinafundishwa mpaka leo, na zinafaa. Lakini wanaokuja na zote tatu ni chini ya nusu ya wagonjwa, kwa hiyo anayezisubiri zitimie atachelewa. Dalili ninayoiona na uzito zaidi ni mpangilio wa maumivu: yanakuja kwa vipindi, yanakaza, macho yanaanza kuwa ya njano, kisha yanalegea na baadaye choo cheusi kinatokea. Bonge la damu lilikuwa limeziba mrija, likapita.

Himoglobini ya kwanza inaweza kudanganya. Mtu anayevuja haraka hupoteza seli na maji kwa pamoja, hivyo namba inabaki nzuri kwa saa kadhaa. Mapigo ya moyo yanayopanda yanasema ukweli mapema zaidi. Rudia kipimo, na sampuli ya kundi la damu na kulinganisha chupa ipelekwe maabara mapema, kabla hujaanza kubishana kuhusu picha.

Ultrasaundi au CT?

Ultrasaundi ipo karibu kila hospitali ya wilaya, haina mionzi, na inafanyika kitandani. Inaonyesha mawe, ukuta ulionenepa kupita milimita 3, maji pembeni ya mfuko, na maumivu pale kifaa kinapobonyeza juu ya mfuko. Kwa uvimbe wa kawaida inatosha.

Kwenye damu ndipo inapoyumba. Bonge huonekana kama kitu chenye mwangwi ndani ya nyongo, bila kivuli nyuma yake. Tope la nyongo nalo huonekana hivyo, na uvimbe wa saratani vilevile. Kuna jambo dogo linalosaidia: mgeuze mgonjwa alalie ubavu wa kushoto, usiondoe kifaa, usubiri. Tope hutiririka polepole kufuata mvuto. Jiwe hudondoka na kivuli chake. Bonge la damu mara nyingi hung'ang'ania ukutani au husogea lote kwa pamoja. Kisha washa Dopla ya rangi, inayoonyesha mwendo wa damu, hata kama umeombwa "nyongo tu". Bonge la damu halina rangi ndani. Uvimbe wa saratani unaweza kuwa na vimishipa vyake. Aneurizimu bandia huonyesha nyekundu na buluu zikizungukana ndani ya duara moja, damu ikiingia na kurudi. Anayeiona picha hiyo ana jibu la haraka kuliko kipimo chochote kingine, na asifikirie tena kuingiza sindano yoyote mahali hapo.

Lakini ultrasaundi isiyoonyesha kitu haimwondolei mgonjwa shaka. Gesi ya utumbo, unene wa mwili, na maumivu yanayomzuia kuvuta pumzi vyote vinaficha ateri ndogo.

Kwa mgonjwa ambaye presha yake imetulia, kipimo ninachokipa nafasi ya kwanza ni CT (picha za eksirei zinazopigwa mwili kipande kwa kipande) yenye awamu tatu: bila kontrasti, yaani dawa inayong'arisha mishipa kwenye picha, awamu ya ateri, na awamu ya vena. Kila moja ina kazi yake, na ukikosa moja unapoteza jibu. Picha bila kontrasti ndiyo inayoonyesha damu iliyoganda, kwa sababu nyongo ya kawaida hupima chini ya 20 kwenye kipimo cha Hounsfield (kizio cha weupe wa kitu kwenye CT), na damu hupanda juu ya 30, bonge likifika hata 60. Ukiruka hatua hiyo, kitu cheupe ndani ya mfuko hutajua ni damu ya zamani au kontrasti inayovuja sasa hivi. Awamu ya ateri, inayopigwa ndani ya nusu dakika hivi baada ya kontrasti kuingia, ndiyo inayoonyesha aneurizimu na mvujo wenyewe. Awamu ya vena inaonyesha kama mvujo ule umetanuka, na inaonyesha hali ya vena kuu ya ini (vena porta, inayoleta damu kwenye ini kutoka utumboni), taarifa atakayoihitaji sana mtu wa kuziba mishipa.

Tatizo kubwa hapa mara nyingi huanzia kwenye fomu ya maombi, mashine ikiwa haina kosa lolote. Fomu ikisema "maumivu ya tumbo, mawe ya nyongo", chumba cha picha kitapiga awamu moja ya vena, na kwa haki kabisa. Iandikwe hivi: "Uvimbe wa mfuko wa nyongo, nashuku damu ndani yake au aneurizimu ya ateri ya sistiki. HB imeshuka kutoka 11 hadi 8. Anatumia warfarini. Naomba picha bila kontrasti, awamu ya ateri na awamu ya vena. Asinyweshwe kontrasti ya mdomo." Sentensi ya mwisho isisahaulike, maana kontrasti iliyonywewa huujaza utumbo weupe na kuificha damu iliyoingia duodeni.

Figo zikiwa dhaifu, wengi husita kutoa kontrasti ya mshipani. Kwa mtu anayevuja damu naona kusita huko hakufai. Kushuka kwa presha kwa muda mrefu kutaziumiza figo kuliko dozi moja ya kontrasti.

Tahadhari kwa msomaji wa picha: aliyefanyiwa ERCP (kamera inayopita mdomoni hadi duodeni na kuingia kwenye mirija ya nyongo) au aliyepewa kontrasti siku moja au mbili kabla anaweza kuwa na nyongo nyeupe bila kuvuja hata tone. Uliza historia.

MRI sitaikalia. Ni nzuri kwa mirija na mawe, ila inachukua muda mrefu, na mgonjwa anayevuja hapaswi kulala mle.

Endoskopia inaingia wapi?

Kwa anayetapika damu, endoskopia ya juu bado ina haki ya kufanyika, kwa sababu vidonda na mishipa ya umio ni vingi kuliko hali hii. Tofauti iko kwenye kinachoulizwa. Kamera ya kawaida hutazama mbele, na tundu la mirija ya nyongo liko pembeni ya duodeni, kwa hiyo damu inayodondoka pale inaweza kupitwa. Kamera inayotazama ubavuni hulionyesha vizuri. Ripoti ikisema "damu duodeni, chanzo hakikuonekana" na mgonjwa ana nyongo iliyovimba, hiyo ni sababu ya kupiga CT siku hiyohiyo. Kurudia endoskopia ile ile kesho ni kupoteza siku.

Yanayofanyika kwa kila mgonjwa

Kanula mbili nene. Damu. Antibiotiki, mfano seftriaksoni pamoja na metronidazoli. Simamisha dawa ya kuzuia damu kuganda na uibatilishe: warfarini kwa vitamini K ya mshipani miligramu 5 hadi 10, taratibu, pamoja na prothrombin kompleksi ikiwepo au plazma iliyogandishwa isipokuwepo. Vitamini K pekee huchukua saa nyingi, hivyo usiitegemee peke yake. Heparini hubatilishwa kwa protamini. Dabigatrani, mojawapo ya vidonge vipya, hubatilishwa kwa idarucizumab, dawa ambayo hospitali nyingi hazina. Mgonjwa ambaye hajashtuka huongezewa damu himoglobini ikishuka chini ya 7, au chini ya 8 kama moyo wake ni mgonjwa. Anayemwaga damu mbele yako hangojei namba.

Asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia bonge la damu lisiyeyuke, imekuwa ikitolewa kwa mazoea. Utafiti wa HALT-IT uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa zaidi ya 12,000 waliokuwa wakivuja damu njia ya chakula, haukuonyesha kwamba inapunguza vifo, na damu kuganda kwenye vena kuliongezeka. Sioni sababu ya kuitoa hapa, hasa kwa mwenye vali ya chuma.

Kuziba ateri kwa katheta, au upasuaji?

Hapa ndipo uamuzi ulipo.

Kuziba kwa katheta kunafanyika mgonjwa akiwa macho. Mrija mwembamba unaingia kinena au kifundo cha mkono, unafuata aorta hadi ateri ya ini, kisha ateri ya sistiki, na pale koili za chuma, gundi au sponji vinaachwa kuziba. Kwa aneurizimu bandia ya mgonjwa ambaye presha inashikika, hii ndiyo chaguo la kwanza ninaloliunga mkono. Inasimamisha damu bila kugusa tumbo lililovimba, na inampa daktari wa upasuaji muda wa kuingia siku nyingine kwenye eneo lisilo na damu.

Ila haimalizi ugonjwa. Mawe yapo, maambukizi yapo, na sasa umeuzibia mfuko damu yake. Ateri ya sistiki haina mwenzake wa kutegemewa, kwa hiyo ukuta uliokuwa mgonjwa unaweza kufa na kutoboka. Anayeridhika na koili na kumruhusu mgonjwa arudi nyumbani bila mpango wa kuutoa mfuko amefanya nusu ya kazi. Kwa anayehimili nusukaputi, napendelea mfuko utoke kabla hajaruhusiwa. Jambo jingine: ikibidi kuziba ateri ya ini ya kulia, vena kuu ya ini lazima iwe wazi, la sivyo sehemu ya ini inakosa damu kabisa.

Upasuaji unamaliza yote kwa mara moja: ateri inafungwa, mfuko unatoka, damu iliyoganda inasafishwa, mirija inaangaliwa. Kwa aliyepasukiwa mfuko na tumbo limejaa damu, hakuna cha kulinganisha. Aingie chumba cha upasuaji. Kwa utando unaovuja kila upande vilevile upasuaji una nguvu zaidi, kwa sababu angiografia mara nyingi haitaona mahali pa kuziba. Isitoshe, katheta inagundua mvujo wa kuanzia mililita 0.5 hivi kwa dakika. Damu ikiwa inavuja polepole zaidi, au imetulia kwa muda, picha itakuwa safi.

Gharama yake ni hatari ya kufanya kazi kwenye tishu zilizoshikana, damu ikiruka, pale pale mrija mkuu wa nyongo unapopita. Ujanja wa James Hogarth Pringle wa mwaka 1908 bado unaokoa: kufinya ukanda unaobeba ateri ya ini, vena na mrija wa nyongo, damu ikatulia kwa dakika chache ili fundi aone. Na kama pembe ya Calot, eneo ambamo ateri ya sistiki na mrija wa mfuko hutafutwa kabla ya kukatwa, haionekani, kuutoa sehemu tu ya mfuko ni uamuzi wa heshima. Mgonjwa aliyebakiwa na kipande cha mfuko anaweza kuja kusumbuliwa baadaye. Aliyekatwa mrija mkuu ataumia miaka.

Kati ya matundu madogo na kufungua tumbo: kwa mtulivu aliyezibwa ateri tayari, matundu madogo yanawezekana kwa mkono uliozoea. Kwa anayevuja sasa hivi, kufungua ni salama zaidi, na kubadili kutoka matundu hadi kufungua katikati ya kazi si kushindwa.

Sasa suala la umbali. Fani ya kuziba mishipa kwa katheta ni changa Afrika Mashariki. Muhimbili, Dar es Salaam, mafunzo ya madaktari bingwa wa fani hiyo yalianza mwishoni mwa miaka ya 2010, na nchi nyingi za jirani huduma iko miji mikuu. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500 za barabara. Mgonjwa ambaye presha imekaa vizuri baada ya chupa moja au mbili, hajahitaji nyingine, na aneurizimu yake imeonekana kwenye CT, huyo asafirishwe na damu iliyolinganishwa ikiwa ndani ya gari na muuguzi pembeni. Anayehitaji chupa baada ya chupa ili presha isimame tu hawezi kuimaliza safari hiyo. Kama hospitali aliyopo ina daktari wa upasuaji na benki ya damu, apasuliwe hapo hapo. Ndugu wakiambiwa "hatumpeleki Muhimbili", waelezwe sababu hii kwa maneno mepesi, wasidhani mgonjwa wao amekatiwa tamaa.

Mpira wa kutoa usaha, na ERCP

Kumwekea mgonjwa dhaifu mpira kupitia ngozi hadi ndani ya mfuko ni jambo la kawaida kwa uvimbe usio na damu. Hata huko, utafiti wa CHOCOLATE wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2018, ulilinganisha mpira na upasuaji wa matundu madogo kwa wagonjwa 142 wenye hatari kubwa, na matatizo makubwa yakawa asilimia 65 kwa waliowekewa mpira na asilimia 12 kwa waliopasuliwa. Kwenye damu hoja ya mpira inadhoofika zaidi: hausimamishi ateri, mabonge yanauziba, na sindano inapita ini la mtu ambaye damu yake haigandi. Naukubali kwa mmoja tu, yule ambaye damu imeshadhibitiwa, kuganda kumerekebishwa, na nusukaputi itamuua.

ERCP ina kazi moja nzuri: kuondoa mabonge yaliyoziba mrija mkuu na kuacha stenti (kijibomba cha kuuweka mrija wazi) ili macho ya njano na maambukizi ya mirija yapungue. Kwa kuzuia ateri isivuje, haifai. Iombwe baada ya damu kudhibitiwa, au sambamba na mpango wa kuidhibiti.

Warfarini irudi lini?

Swali hili huachwa hadi siku ya kuruhusiwa, na halipaswi kuachwa hivyo, kwa sababu vali ya chuma isiyo na dawa inaganda. Daktari wa moyo aitwe siku ileile dawa iliposimamishwa. Baada ya mfuko kutoka, damu ikiwa imetulia, njia inayoacha nafasi ya kurudi nyuma ni kuanza na heparini ya kawaida ya dripu, kwa sababu ikizimwa nguvu yake huisha ndani ya saa chache na protamini huibatilisha. Warfarini hufuata taratibu, INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda) ikipimwa akiwa bado wodini. Barua ya ruhusa itaje koili kama zimewekwa, tarehe ya kupima INR nyingine, na jina la kliniki itakayompima.